Kidole Kilichonyooshwa

Nyuzi alipanda ngazi za studio taratibu, kasha la fidla begani, na neno moja kooni lililokataa kushuka na likakataa kutoka. Mvua ilikuwa imemkuta njiani. Viatu vyake vilikuwa vimelowa chepechepe, na kila akikanyaga vilitoa sauti ya kukoroma, kana kwamba navyo vimechoka na maisha. Asubuhi hiyo daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto, akaugeuza huku na huku, akamwomba apige fidla palepale mbele ya meza yake. Kisha daktari akavua miwani na kuifuta, na miwani yenyewe haikuwa na uchafu wowote. Hapo Nyuzi alijua kwamba linalokuja si jema.

Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeasi. Hakikuuma, hakikuvimba. Kilishika kijiko, kilifunga vifungo, kilisaidia kusuka nywele. Lakini akigusa tu nyuzi za fidla, kilijikunja na kujificha kiganjani kama konokono aliyeguswa. Daktari alisema huo ni ugonjwa unaowapata watu wa kazi za vidole: wapiga ala, waandishi, mafundi wa saa. Akili inasahau njia moja tu, nyingine zote inazikumbuka. Angekuja mapema, alisema, kidole kilipoanza tu, akaupumzisha mkono, pengine wangekiwahi. Nyuzi alikuwa amefanya kinyume. Kila kilipojikunja alizidisha mazoezi, akakilazimisha, akakikemea kama mtoto mkaidi, mpaka kosa likageuka tabia.

Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Leo alikuja kumwambia mmoja, yule ambaye angefunga naye ndoa mwezi ujao. Ugonjwa wenyewe hakuuogopa sana. Aliogopa kwamba Mchoraji, mchumba wake huyo, alimpenda kwa ajili ya mikono hiyo, na sasa anampelekea mikono iliyoharibika.

Maana mapenzi yao yalianzia mikononi kwelikweli. Studio ile ilikuwa inatengeneza anime, katuni ndefu ya mtindo wa Kijapani, kuhusu vijana wanaopiga muziki wa klasiki katika okestra moja ndogo. Katika kila sehemu kijana mmoja anaulizwa swali lile lile, unapiga kwa nini, na kila mmoja ana lake. Mmoja anapiga ili asimsahau kaka yake, mwingine anapenda kupigiwa makofi, mwingine anakasirika kuulizwa. Mhusika mkuu ni msichana wa fidla. Ili mikono ya msichana huyo isiwe mikono ya uongo, Nyuzi aliajiriwa apige mbele ya kamera, naye Mchoraji akawa anaichora mikono yake kutoka kwenye video, picha moja moja, akiwa ameizima sauti. Alisema sauti inamchanganya.

Sasa mwanaume akishinda mchana kutwa anachora viungo vya vidole vya mwanamke, kovu lake dogo, kucha zake fupi, mwisho wa siku atatamani kuvishika. Akatamani. Akaomba. Yeye ndiye aliyempachika jina la Nyuzi, likamganda mpaka nyumbani kwao.

Mama yake hakukubali kirahisi. Mama alikuwa fundi cherehani, na fidla ya kwanza iliyokuwa mali ya binti yake ilitoka kwenye pesa za kushona sare za shule za watoto wa watu. Alipoambiwa kazi ya mchumba, aliuliza tena, akidhani amesikia vibaya. "Mwanaume anayeshinda ameinama anachora watu wasiokuwepo," alisema, "huyo atamwona lini mtu aliyepo?" Shangazi aliletwa kusuluhisha, wajomba wakaongea mpaka koo zikawakauka. Wajumbe wa posa walirudishwa kwa adabu mara ya kwanza. Mara ya pili mama alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Mchoraji alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kuchorea, taa imemmulika upande mmoja wa uso. Alipomwona mlangoni aliinuka upesi hata kiti kikaanguka.

"Kitendawili," alisema, maana hivyo ndivyo walivyosalimiana.

"Tega." Sauti ya Nyuzi ilitoka nyembamba.

"Tumbo tupu, shingo ndefu, ukimkuna analia."

"Fidla. Hicho umekitega kabla ya kukifikiri."

"Nilikuwa na haraka. Njoo uone kitu, mpenzi wangu, njoo kabla hujavua hata koti."

Nyuzi alisema naye ana jambo. Mchoraji alimjibu kwamba jambo lake litasubiri dakika chache, hili limesubiri miezi. Ilikuwa sehemu ya mwisho, ile ambayo msichana wa katuni anapiga peke yake katika ukumbi usio na watu, viti vyote vitupu, na ndipo naye anapoulizwa swali. Ilikuwa imekamilika leo. Akamsogezea kiti, akamfunika mabega kwa sweta lake mwenyewe, lililonuka risasi ya penseli na sabuni, akabonyeza.

Nyuzi akatazama. Ukumbi ulikuwa mzuri mno. Vumbi lilielea kwenye mwanga. Msichana alipandisha fidla begani, na mikono ile ilikuwa mikono yake hasa. Hata kovu la utotoni, lile la mkasi wa mama, lilikuwa pale kwenye kidole cha pete. Mchoraji hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama yeye, kwa yale macho yake ya kusubiri, kama mtoto aliyempa mtu zawadi na sasa anangoja ifunguliwe.

Kisha ikafika pale muziki unapopanda. Kidole cha mwisho kikanyooka, kikashuka juu ya uzi, laini, kizuri kama asali inayomiminwa. Kikainuka. Kikashuka tena.

Nyuzi alisogeza uso karibu na skrini. Siku ile ya kurekodi aliikumbuka vizuri. Pale pale, kwenye kupanda kule, kidole kilikuwa kimejikunja chote kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akaruka noti mbili na kuzifunika kwa upinde. Alirudi nyumbani akijipa moyo kwamba hakuna aliyeona.

"Nionyeshe video," alisema.

"Video ya nini?"

"Yangu. Ile uliyoichora."

Mchoraji alicheka kidogo, akasema video haina uzuri wowote, taa zilikuwa mbaya siku ile. Lakini mkono wake haukwenda kwenye kibonyezo. Nyuzi alimtazama, naye akatazama penseli zake, akazipanga zikalingana vichwa. Penseli zile zilikuwa zimekwisha kumjibu mwanamke wa watu, ila alitaka kuona kwa macho.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwongozaji wa katuni, ambaye studio nzima ilimwita Kipara ingawa nywele zake zilikuwa tele; jina alilirithi pamoja na kiti cha mtangulizi wake. Alibeba kikombe cha chai na furaha yake yote. Alimpongeza bibi harusi, akamtania kwamba akishaolewa asimfungie mumewe ndani maana kazi bado ipo, kisha akainama kwenye skrini palipokuwa pamesimama ule mkono.

"Kidole hiki," alisema, akakigusa kwa ncha ya kijiko cha chai. "Shemeji, hiki tukikatie bima. Wote waliokiona wamenyamaza kimya."

Nyuzi alisema asante. Kipara alicheka, akatoka akipiga mluzi. Hakujua kwamba nyuma yake ameacha watu wawili wanaoogopa kutazamana.

Mchoraji akaweka video. Pale muziki ulipopanda, kidole halisi kilijikunja kikaingia kiganjani, na uso wa mwanamke aliyekuwa anapiga ukakunjamana kwa nukta moja, kisha ukajifanya hakuna kitu.

"Fungua sauti," alisema Nyuzi.

"Sihitaji sauti kuona..."

"Fungua."

Akafungua. Chumba kikajaa fidla, tamu, ya kupanda, halafu pakawa na pengo dogo kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Mchoraji alirudisha nyuma mwenyewe, bila kuambiwa, akasikiliza tena.

"Sikujua inasikika hivyo," alinong'ona.

"Ulikiona lini mara ya kwanza?"

Mchoraji hakuwa mtu wa kudanganya akibanwa, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alieleza yote, kwa sauti ya chini, huku ameushika ukingo wa meza. Mwanzoni kilipinda kidogo tu, akadhani ni uchovu. Alikinyoosha kidole kwenye mchoro ili mkono upendeze, kama mtu anavyomtoa mwenzake uzi kwenye bega. Rekodi iliyofuata kikajikunja zaidi, akakinyoosha tena. Baadaye aliweka picha za video za zamani juu ya zile mpya, akaona kwamba hali inaendelea, kila mara kidogo, kila mara ndani zaidi. Kufikia hapo alikuwa ameshazoea kukinyoosha, hata penseli ilikwenda yenyewe.

"Kwa hiyo umekiona kikiugua tangu mwanzo," Nyuzi alisema. "Kabla yangu mimi mwenyewe."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ukangoja nini?"

Nje mvua ilikuwa imegeuka manyunyu, maji yakachuruzika kwenye kioo kwa mistari iliyopinda.

"Niliogopa ukijua utaingiwa na hofu, na mpiga ala akiuogopa mkono wake amekwisha," alisema hatimaye. "Hiyo ndiyo niliyojiambia. Lakini si yote. Niliogopa Kipara akijua ataleta mpigaji mwingine, na wewe hutapanda tena ngazi hizi. Tulikuwa hatujaambiana lolote wakati ule. Sikuwa na sababu nyingine ya kukuona. Nilitaka uendelee kuja."

Nyuzi alifumba macho. Maneno hayo angeyasikia siku nyingine yoyote, angeyabeba kama ua.

"Ningekuja bila fidla," alisema. "Mjinga wewe. Ungeniambia nikae, nisipige, ningekuja kukaa kwenye hicho kiti nikutazame unachonga penseli."

Ndipo akamwambia neno lililomleta. Alimweleza habari ya daktari na miwani yake, ya mkono uliopaswa kupumzika na haukupumzika, ya ile "pengine" aliyoisema daktari, ambayo muda wake umepita. Alieleza bila kulia. Alivyozidi kueleza ndivyo Mchoraji alivyozidi kujikunja kwenye kiti chake, mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Kitendawili," alisema Nyuzi.

Mchoraji aliinua kichwa, hakuamini. "Nyuzi, tafadhali."

"Kitendawili."

"Tega."

"Aliona nyumba ya mpenzi wake inaungua, akaketi akaichora haina moto."

Mchoraji alilijua jibu. "Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji."

"Mji wa nini? Sina pa kwenda nao."

Kisha, kama mtu anayezama na kushika chochote, Mchoraji aliuliza mbona na yeye hakumwambia. Walikula pamoja, walitembea pamoja, walichagua pamoja mpaka mapazia, na muda wote huo kidole kilikuwa kinamtesa akiwa kimya. Wamefichana wote wawili, alisema. Kwa nini kosa liwe la mmoja?

Swali lilikuwa la haki, na Nyuzi hakulikwepa. Alikiri kwamba alificha. Alimwambia alikuwa anaogopa macho yake yale, namna yanavyoshuka kwanza kwenye mikono ndipo yapande usoni, kila siku, hata sasa hivi alipoingia mlangoni na koti limelowa.

"Nilijua unaipenda mikono," alisema. "Sikuwa na hakika ya kilichobaki."

Mchoraji alichelewa kusema kwamba si kweli. Hata kama ni nukta moja tu, Nyuzi aliiona ile nukta, naye alijua kwamba ameiona.

Halafu akaanza kubembeleza. Alisema atachora upya, sehemu nzima, kidole kama kilivyo. Kipara akikataa ataacha kazi. Alisema watatafuta madaktari. Alisema hata asipopiga tena maisha yake yote, yeye anamtaka vivyo hivyo, harusi ibaki pale pale, asubuhi ile ile. Alimshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, na mkono ulikuwa mzima, wa joto, vidole vyote vitano vikimjibu. Nyuzi aliuacha hapo kitambo. Alikuwa anampenda, na hilo halikupungua hata kidogo, nalo ndilo lililofanya chumba kiwe kidogo namna ile.

"Unajua mimi ningejibu nini?" aliuliza. "Lile swali lenu. Unapiga kwa nini."

Mchoraji alitikisa kichwa.

"Mama alikuwa hapumziki. Cherehani yake ilianza kabla sijaamka, nikilala naiacha inaenda. Siku niliyoleta fidla ya kuazima kutoka shule, nikapiga wimbo mmoja wa kitoto, vibaya, unakwaruza, mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Akageuka akanitazama. Nikapiga tena ili usimame tena. Basi. Sina jibu la katuni. Nilipiga ili mama akae kidogo, na nikawa nafanya hivyo kwa watu wengine, wageni, ukumbi mzima. Nawasimamisha miguu." Akautoa mkono wake taratibu. "Wewe ulikuwa umezima sauti. Hukusimama hata siku moja. Ulikuwa kazini."

"Nifundishe," alisema Mchoraji. "Nitajifunza kusikiliza."

"Na siku nikiugua kitu kingine? Nikizeeka, nikanenepa, nikaanza kusahau majina ya watoto? Utanichora mzima, uniwekee kioo cha uongo ukutani, nami nifurahi mpaka daktari afute miwani yake?"

"Nitakwambia. Naapa."

"Najua utaapa. Lakini kila utakaponiambia nimependeza nitakuwa najiuliza umenyoosha wapi." Alivua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. "Siwezi kuishi hivyo, mpenzi. Nimejaribu kulifikiria hapa hapa nilipokaa. Siwezi."

Mchoraji alisimama kana kwamba atamzuia, kisha akabaki amesimama, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliutazama uso wake moja kwa moja bila kupitia mikononi. Alikuwa analia bila sauti. Nyuzi aliligusa shavu lake, likamlowesha vidole, akabeba kasha lake, akatoka.

Nyumbani alimkuta mama kwenye chumba cha kushonea, ameketi chini juu ya mkeka, gauni jeupe limemfunika miguu yote kama amekaa kwenye povu. Alikuwa anatia upindo kwa mkono. Kwa maneno mama hakuikubali ndoa ile mpaka siku ya mwisho, lakini sindano yake ilikuwa imesema vingine, kwa sababu mishono ile ilikuwa midogo hata haionekani.

"Umelowa," alisema mama. "Vua viatu usinichafulie kitambaa."

Nyuzi alivua viatu. Akaketi ukutani. Alimweleza kwanza habari ya kidole, kisha habari ya studio, akiwa anatazama makopo ya vifungo kwenye rafu. Njia nzima alikuwa amejiandaa kusikia "nilikwambia". Mama hakulisema. Aliuchukua mkono wa binti yake, akaukunja, akaukunjua, akabonyeza kila kiungo kwa kidole gumba kama anayetafuta sindano iliyopotea ndani ya godoro.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Afadhali kingeuma," alisema mama. "Kingeuma ungenililia."

Wakakaa hivyo. Giza lilikuwa linaanza kuingia chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Baadaye mama aliuliza kama yule kijana alilia. Nyuzi alisema ndiyo. Mama akavuta pumzi, akasema yeye hakumtaka, kila mtu anajua hakumtaka, lakini tangu alete vipimo vya suti yake ameanza kumzoea, na si mtu mbaya. Alisema wanaume wengi hawaoni hata kinachohitaji kufichwa. Nyuzi alisema anajua.

"Basi usiamue leo. Lala kwanza."

"Mama, nimeshaamua. Nikilala nitaamka nimemsamehe, halafu nitamchunguza maisha yangu yote. Nisaidie kabla sijalala."

Mama alitazama gauni. Alilipapasa kifuani, pale alipokuwa ametia marinda, na Nyuzi akaona mdomo wake unatetemeka, mdomo wa mama aliyeshona nguo za harusi za mabinti wa watu wengi na hakuwahi kulia juu ya hata moja.

"Kitambaa ni kizuri," alisema mama. "Kitafaa kitu kingine. Lakini mimi siwezi kuanza kukifumua. Nimekishona kwa mkono wangu."

Kifumulio kilikuwa sakafuni kando ya mkasi, kile kijichuma chenye ncha mbili cha kukatia mishono. Nyuzi alikiokota. Mama alishika upande mmoja wa upindo akauvuta ukakaza, Nyuzi akaingiza ncha chini ya mshono wa kwanza, akaukata, akaenda kwenye wa pili. Kazi ilitaka utulivu. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vilishikilia kitambaa, na cha mwisho kikanyooka chenyewe, bila kulazimishwa, kikalala juu ya mshono kikiuongoza, hodari na mtiifu, mpaka walipofika kiunoni.